CDI Haikai Kwenye Usukani

Swali hili limenifikia tena, kwa maneno yaleyale kana kwamba watu wamekariri: "Fundi, nimebadilisha usukani, sasa pikipiki haiwaki. Ninunue CDI ya aina gani?" Muulizaji mara nyingi ni dereva wa bodaboda ambaye wenzake wa kijiweni wameshampa hukumu, na bei ya Kariakoo ameshaiulizia kwa simu. Jibu langu halijabadilika: usinunue kitu. Rudi kwanza pale ulipofungua bolti.

Tazama kazi yenyewe ilivyokwenda. Usukani wa zamani ulipinda baada ya kuanguka, au ulitaka wa juu zaidi ili upendeze. Ukalegeza kebo ya klachi na ya resi, ukafungua swichi za kushoto na kulia, ukavuta nyaya, pengine na taa ya mbele ikafunguliwa. CDI, kile kiboksi kinachoipa plagi cheche kupitia koili, haikuguswa. Iko chini ya tangi au chini ya siti, imetulia kwenye mpira wake, wala haina habari kwamba kuna usukani mpya. Pikipiki iliyoingia gereji ikinguruma ikatoka ikisukumwa imeharibiwa na mkono uliopita, na mkono ulipita mbele.

"Lakini jamaa yangu alibadilisha CDI, ikawaka!" Najua. Ili abadilishe CDI, fundi lazima achomoe soketi, asukume fungu la nyaya, azungushe ufunguo, ageuze usukani huku na huku. Katika purukushani hiyo, waya uliokuwa unagusa chuma mahali fulani unaachia. Moto unarudi, sifa zote zinakwenda kwa kiboksi kipya. Siku mbili tatu baadaye, kwenye tuta la barabarani, injini inazima tena, na sasa hukumu inakuwa kwamba CDI ni feki. Feki zipo, sikatai, na maduka yanayoziuza yanajulikana. Lakini hii imesingiziwa tu.

Wasichokuambia wauzaji ni kwamba kwenye pikipiki nyingi za Kichina zilizofuata mfumo wa Honda CG125, swichi ya kuzimia haikati umeme. Inafanya kinyume chake: inaunganisha waya mmoja wa CDI na bodi, na CDI inanyamaza. Kwa kawaida waya huo ni mweusi wenye mstari mweupe. Unapita kwenye swichi ya ufunguo, na kama pikipiki ina ile swichi nyekundu ya kuzimia, unapanda hadi mkono wa kulia.

Sasa fungua ganda la swichi hiyo ya kulia. Ndani, kwenye pikipiki nyingi, utaona kipini kifupi kinachotakiwa kuingia kwenye tundu la usukani ili swichi isizunguke. Usukani wa bei rahisi mara nyingi hauna tundu hilo, au limetobolewa pasipo mahali pake. Fundi mwenye haraka hahangaiki; anakaza skrubu mbili kwa nguvu zake zote. Ganda linakaa mshazari, waya unabanwa katikati, mpira wake unachubuka, shaba inagusa bomba la chuma. Kuanzia hapo pikipiki inaamini kwamba umeizima. Ukifunga CDI kumi mpya, zote kumi zitatii amri hiyohiyo, kwa sababu zote ni nzima.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Chomoa waya huo kwenye soketi ya CDI. Fungua plagi, irudishe kwenye kofia yake, chuma chake kiguse injini mbali na tundu ulikoitoa, kisha piga kiki ukiwa kivulini. Cheche ikirudi, CDI ni nzima, koili ni nzima, na kilichobaki ni kutafuta waya umebanwa wapi. Angalia tu usiiache plagi ikining'inia hewani unapopiga kiki. Huo ndio mtindo unaoweza kuidhuru CDI kweli, na wanaoufanya ndio haohao wanaolalamika kwamba CDI za siku hizi hazidumu.

Kuna pikipiki ambazo mfumo wake unategemea betri, na huko swichi ya kuzimia inakata umeme kabisa. Hapo tatizo linageuka: badala ya waya kugusa bodi, waya umekatika au soketi imeachia. Mahali pa kutafuta ni palepale.

Wapo mafundi wanaoufikia waya huo, halafu wanaukata moja kwa moja na kuuzungushia utepe. "Imewaka, nenda kazini." Hawa wananiudhi kuliko wauza CDI. Umeondolewa njia ya kuzima injini siku resi itakapokwama ukiwa na abiria nyuma. Na kwa mfumo ule wa CG, ufunguo wako nao umebaki pambo: yeyote anayejua kupiga kiki ataondoka na pikipiki yako mchana kweupe.

Kwenye kazi ya usukani, hali moja tu inanifanya niishuku CDI: usukani uliochomelewa ukiwa bado kwenye pikipiki, betri ikiwa imeunganishwa. Umeme wa kuchomelea unaweza kuunguza vifaa vya elektroniki. Lakini usukani uliovunjika hauchomelewi, jamani. Ni bomba la milimita 22, na ndilo ulilolishika lori likikupita.

Waliobaki, haraka haraka. Ukiwasha ufunguo hakuna taa hata moja? Fyuzi kwanza, kisha soketi zilizo ndani ya taa ya mbele. Usukani mrefu huzivuta mpaka zinaachia. Selfu inazungusha kwenye nyutro lakini ukiwa kwenye gia na klachi umeshika inagoma? Kama pikipiki yako ina swichi ya klachi, tazama nyaya mbili ndogo chini ya mkono wa kushoto, moja imesahaulika. Cheche ipo ila injini haishiki? Choki kama iko kwenye usukani, kisha kebo ya resi, huenda haijakaa kwenye kiti chake. Imewaka, lakini ukikata kona inapiga resi yenyewe? Kebo ni fupi au imepitishwa vibaya, usiipande hivyo. Mkono wa resi uache mchezo wa milimita 2 hadi 6, wa klachi 10 hadi 20. Geuza usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia: pasikazike waya, kebo wala paipu ya breki.

Na fundi akitamka CDI kabla hajafungua swichi ya kulia, mwambie aifungue kwanza, nawe uwe umesimama hapohapo unaona.