Rangi na Upole: Kuchagua Samaki wa Tangi Dogo la Shule

Tangi la kioo lenye urefu wa sentimeta 60, upana wa sentimeta 30 na kimo cha sentimeta 30 huchukua lita 54 za maji. Mahali penye mabomba kiasi hicho si kitu. Lakini kwa shule iliyoko Piyaya, katika Wilaya ya Ngorongoro, mashariki mwa Serengeti, ambako watu na mifugo hungojea maji yale yale wakati wa kiangazi, lita 54 ni karibu ndoo tatu kubwa, na mwalimu anayeyaombea maji hayo nafasi katika maabara hana budi kueleza yatafanya kazi gani. Samaki wote wakifa katika juma la kwanza, maelezo hayo yatakuwa magumu. Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu wa namna hiyo, pamoja na wanafunzi wake, kuchagua samaki wachache wenye rangi za kupendeza wanaoweza kuishi pamoja kwa amani mahali finyu.

Tangi lenye kuchanganya samaki wa aina mbalimbali tutaliita tangi la jamii. Watu wengi huchagua samaki wa tangi hilo kwa macho: humwendea mwuzaji, humwonyesha yule mwekundu na yule wa buluu, hulipa, huondoka. Siku chache baadaye mapezi yamechanika, na samaki mmoja amejitwalia tangi zima. Sababu yake ni kwamba kwa samaki wengi rangi kali ni tangazo la dume kwa madume wenziwe: hapa ni kwangu.

Tuangalie samaki wetu wenyewe. Sato, perege na furu ni wa jamii moja kubwa iitwayo sikilidi. Furu wa Ziwa Viktoria wanakadiriwa kuwa walifikia spishi 500 au zaidi kabla hawajaliwa kwa wingi, katika miaka ya 1980, na sangara aliyepandikizwa ziwani humo katika miaka ya 1950 na 1960. Mmoja wao, aishiye penye visiwa vya mawe karibu na Mwanza, alipewa mwaka 1985 jina la Mwalimu Julius Nyerere. Leo huitwa Pundamilia nyererei. Na neno lile la kwanza, kama msomaji aonavyo, ni Kiswahili kitupu kilichoingia katika orodha ya wanasayansi kwa ajili ya milia myeusi ya ubavuni. Dume ana mgongo mwekundu na ubavu wa manjano. Jike hana rangi ya kumvutia mtu yeyote.

Katika majaribio ya maabara yaliyochapishwa mwaka 2005, madume wekundu wa spishi hii walikutanishwa na madume wa buluu wa jamaa yake, Pundamilia pundamilia. Wekundu walishinda mara nyingi zaidi. Mwanga wa tangi ulipofanywa kuwa wa kijani, ambao huificha rangi nyekundu, faida yao ilipungua. Maana yake ni kwamba rangi yenyewe ilikuwa sehemu ya silaha.

Jamaa mwingine, Astatotilapia burtoni wa Ziwa Tanganyika, anatufundisha jambo la kushangaza zaidi. Dume mwenye eneo lake huvaa rangi kali na mstari mweusi usoni. Akinyang'anywa eneo hilo, rangi humtoka na hufanana na jike. Kinyume chake, dume mnyonge akiona nafasi imepatikana, rangi humjia katika muda wa dakika chache. Kwa hiyo mnunuzi aliyechagua samaki wa kijivu kwa kudhani kuwa ni mpole anaweza kuamka asubuhi ya pili akamkuta mtawala.

Kadhalika wako samaki wa miamba wa Ziwa Nyasa, ambao kwa uzuri hawana mfano. Mmoja mdogo mwenye milia ya buluu na nyeusi, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1994 kutoka miamba ya Pombo upande wa Tanzania, hutafutwa sana na wafugaji wa ng'ambo. Lakini madume wake hawavumiliani hata kidogo. Wafugaji wenye matangi makubwa huwaweka wengi pamoja kusudi mashambulizi yagawanyike, asiwepo mmoja wa kuonewa daima. Mbinu hiyo hufanikiwa kwa maji mengi na mashine za kuchuja zisizozimika usiku wala mchana. Kwa lita 54 ni ukatili tu.

Basi tunatafuta nini? Tunatafuta samaki ambaye rangi yake haina uhusiano na kulinda ardhi. Mfano mzuri ni gapi, samaki mdogo wa kaskazini mwa Amerika ya Kusini na kisiwa cha Trinidad. Gapi dume hana makao. Kazi yake ni kutangatanga akiwachezea majike ili wamkubali, na mabaka yake ya machungwa, ya buluu na meusi ni kwa ajili yao. Mwanasayansi John Endler alionyesha mwaka 1980 kwamba katika vijito vyenye samaki walao gapi madume huwa na mabaka machache, na kwamba wakiondolewa hatari hiyo mabaka huongezeka baada ya vizazi vichache. Mwalimu anayefundisha uteuzi wa asili atafurahi kuwa na mfano huu juu ya meza yake. Ila anunue madume peke yao. Jike aliyekwisha kutana na dume huweza kuhifadhi mbegu zake kwa miezi kadhaa na kuzaa tena na tena, na tangi litajaa kabla muhula haujaisha.

Namna ya pili ya upole ni ile ya kundi. Danio, samaki wa vijito vya Bara Hindi mwenye milia ya buluu na ya fedha, ambaye siku hizi hutumiwa katika maabara za dunia nzima, huishi kwa kuogelea pamoja na wenziwe karibu na uso wa maji. Wakiwa sita au zaidi hushughulikiana wao kwa wao. Wakiwa wawili, mmoja humsumbua mwenziwe mchana kutwa. Ubahili wa kununua wawili hauna faida. Faida yake nyingine ni kwamba huvumilia maji ya nyuzi 18 za Sentigredi, jambo la maana katika nyanda hizi ambazo usiku wake ni wa baridi. Kwa vile danio ana tabia ya kudonoa mapezi marefu, gapi wenye mikia mifupi ndio wanaofaa kukaa naye.

Wengine wawaache. Samaki mpiganaji wa Siamu, jina lake latosha. Samaki wa dhahabu hukua mno na huchafua maji upesi. Tetra neoni ni mpole kweli, lakini kwao ni maji laini yenye asidi ya bonde la Amazoni.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kemia, na kwa maoni yangu ndipo samaki wengi wa shule wanapofia. Kaskazini mwa Tanzania ni nchi ya volkano, na maji ya visima vyake aghalabu yana magadi. Samaki hutoa amonia kwa njia ya mashavu. Ndani ya maji amonia huwa katika hali mbili: ayoni ya amoniamu, isiyo na madhara makubwa, na amonia yenyewe, ambayo ni sumu. Katika joto la nyuzi 25, maji yakiwa na pH 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1 ya jumla. Katika pH 8 ni kama asilimia 5. Katika pH 9 hupita theluthi moja. Uchafu ni ule ule, samaki ni wale wale, lakini sumu imezidi zaidi ya mara hamsini.

Huhitaji kwenda mbali kuona jinsi maumbile yalivyolitatua jambo hili. Katika Ziwa Natron, ndani ya wilaya hiyo hiyo ya Ngorongoro, na katika Ziwa Magadi la Kenya, wanaishi samaki wadogo wa jamii ya perege katika maji yenye pH inayokaribia 10. Mwaka 1989 watafiti walieleza kwamba samaki wa Magadi hatoi amonia bali urea, kama tufanyavyo wanadamu. Mwanafunzi asishawishike kuwavua awalete darasani: kiasili hawapatikani penginepo na wako hatarini kutoweka, tena madume wao nao hugombea maeneo.

Kwa hiyo kabla ya kununua samaki, pima maji kwa karatasi ya kiashirio. Yakipita pH 8.5, yazimue kwa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa, uyaache siku moja, kisha upime tena. Maji ya bomba yenye klorini nayo yalale wazi usiku mmoja au zaidi. Tandika changarawe iliyooshwa, panda majani ya majini, halafu tia danio sita tu na uwape chakula kidogo, kile wanachoweza kukimaliza katika dakika mbili. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, huhitaji kiasi cha majuma manne hadi sita ili waenee juu ya changarawe. Baada ya muda huo ongeza gapi madume watano. Hao kumi na mmoja watoshe.

Kila juma toa robo ya maji, lita kumi na tatu hivi, na utie mengine ya joto lile lile. Kwa Piyaya hizi ni lita za kuhesabiwa, lakini hazipotei: maji yanayotoka yana nitrati, nayo ni mbolea, hivyo wanafunzi wayapeleke kwenye miche ya shule.

Wanafunzi wanaweza pia kuhesabu, kwa dakika tano kila siku, ni mara ngapi samaki mmoja anamfukuza mwingine. Idadi ikipanda, badili mpango wa mawe na majani, au mtenge mchokozi katika chombo kingine. Samaki aliyezidi apewe shule nyingine yenye tangi. Asitupwe kijitoni wala katika bwawa la mifugo: gapi amekwisha kusambaa katika nchi nyingi za joto kwa kupelekwa ale viluwiluwi vya mbu, na akishaingia mahali hatoki.