CHUJIO LA MAJI CHINI YA SANDUKU LA SAMAKI

Wewe uliyeleta samaki wadogo wazuri kutoka pwani ya ziwa Tanganika, kule Kalemie, Moba ao Uvira, ukawatia katika sanduku la kioo nyumbani kwako, pengine umeona jambo hili: maji ni meupe, chakula kipo, lakini nyuma ya siku chache samaki wanapandisha vinywa juu, kisha wanakufa. Usiseme ya kuwa wamerogwa. Wamekufa kwa uchafu wao wenyewe.

Samaki anakojoa na kunya katika maji yale yale anayopumua. Uchafu wake na masazo ya chakula vinatoa sumu, jina lake amonia. Macho hayaioni. Ziwani maji ni mengi, sumu inapotea. Katika sanduku haina njia. Lakini Mungu ameweka vijidudu vidogo sana vinavyokaa juu ya mawe na kula sumu ile. Vya kwanza vinageuza amonia kuwa nitriti, ambayo ni sumu vilevile. Vya pili vinageuza nitriti kuwa nitrati, isiyodhuru sana. Kazi yako ni kuvijengea nyumba. Nyumba ile ni chujio.

1. VYOMBO

Tuseme sanduku la juu lina urefu wa santimetri 100, upana 40, kimo 50. Chini yake, ndani ya meza, weka sanduku la pili: urefu 60, upana 35, kimo 40. Utafute tena vipande viwili vya kioo, pompi ndogo ya umeme ya kuzama majini, tuyo, mpira, sponji ya godoro, na mawe yenye vitundu vingi. Mawe meusi ya volkano, kama yale ya Goma, ni mazuri sana, kwa sababu kila kitundu ni chumba cha vijidudu.

2. KUJENGA

Mbele ya kuunganisha sanduku la juu, fundi wa vioo atoboe tundu kwa ubavu, santimetri 6 chini ya ukingo. Hapo maji yatamwagika yenyewe na kushuka kwa tuyo. Ufunike tundu kwa wavu, samaki wasipite. Tuyo ya kushusha iwe nene kupita mpira wa kupandisha.

Sanduku la chini uligawe vyumba vitatu: cha kwanza santimetri 15, cha pili 30, cha tatu 15. Kioo cha kwanza kisiguse chini. Uache nafasi ya santimetri 3. Kioo cha pili kiguse chini, kimo chake 25. Basi maji yanaanguka juu ya sponji katika chumba cha kwanza, yanapita chini ya kioo, yanapanda katikati ya mawe, yanaruka kioo cha pili, na kufika kwa pompi. Pompi inayarudisha juu. Chagua pompi inayopandisha litri 600 hata 900 kwa saa moja mpaka kimo cha sanduku lako.

3. SIKU UMEME UNAPOKATIKA

Soma maneno haya mara mbili. Pompi ikisimama, maji ya juu yanaendelea kushuka mpaka usawa wa tundu: santimetri 3 ni litri 12. Kama katika chumba cha pompi maji hayapiti santimetri 15, chini pamebaki nafasi ya litri 37, basi hakuna hasara. Lakini kama mdomo wa mpira umezama santimetri 20 ndani ya sanduku la juu, mpira utanyonya maji kurudi nyuma, litri 80! Litri 43 zitamwagika nyumbani, na samaki watabaki katika maji machache. Kwa sababu hii toboa kitundu kidogo katika mpira, chini kidogo tu ya uso wa maji. Hewa ikiingia pale, maji yanasimama. Kisafishe kila juma. Mbele ya kutia samaki, ondoa umeme wewe mwenyewe na utazame.

Waya wa pompi uning'inie chini kupita tundu la umeme, maji yasiufuate. Usitie mkono majini kama pompi haijaondolewa umeme.

4. UVUMILIVU

Chujio jipya halina vijidudu bado. Vinahitaji majuma 4 hata 6. Anza na samaki wawili watatu, uwape chakula kidogo. Ukipata sponji chafu ya rafiki mwenye samaki wazima, ikamue ndani ya chujio lako: ni mbegu.

Maji ya robine yenye klori yanaua vijidudu. Uyaache siku moja ao mbili katika ndoo wazi. Usioshe mawe kwa sabuni hata kidogo. Sponji uioshe katika maji uliyotoa sandukuni. Na kila juma badili sehemu moja ya tano ya maji, kwa sababu nitrati haiondoki yenyewe.

Mtu mwenye haraka anatia samaki ishirini siku ya kwanza na kuwazika siku ya kumi. Wewe jenga nyumba ya vijidudu kwanza, nao watakulindia samaki.