Kifuniko cha Rejeta: Springi Ndogo Inayovusha Gari Mlima wa Idjwi

Je, wajua kwamba maji huchemka mapema zaidi Idjwi kuliko Mombasa? Pwani, sufuria hutokota maji yakifika nyuzi joto 100 za Selsiasi. Ziwa Kivu, ambamo kisiwa cha Idjwi kimo, liko takribani mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi zaidi, na maji hutokota yakifika nyuzi 95 hivi. Ukipanda vilima vya kisiwa hadi mita 2,000, zinabaki 93. Kwa mpishi, maana yake ni maharage kukawia kuiva. Kwa dereva, ni gari kuchemsha katikati ya mlima.

Sababu ni kwamba injini nyingi za petroli na dizeli hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 85 na 100. Themostati, ule mlango mdogo unaoyaruhusu maji yazunguke hadi kwenye rejeta, katika magari mengi hufunguka zikikaribia 82 au 88. Kwa hiyo joto la kawaida la injini na kiwango cha maji kuchemka Idjwi ni majirani wa ukuta mmoja. Pikipiki nyingi zinazobeba abiria kisiwani hazina shida hiyo, kwa kuwa silinda zake hupozwa na upepo unaopita kwenye mapezi ya chuma. Ila gari linategemea maji, na maji yanategemea kifuniko cha rejeta.

Magari ya mwanzo hayakuwa na kifuniko chenye springi. Maji yalichemka, mvuke ukaenda zake, na dereva akaongeza mengine. Mwaka 1888, Bertha Benz aliposafiri kutoka Mannheim hadi Pforzheim nchini Ujerumani, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, ilimbidi asimame mara kwa mara njiani kutafuta maji. Mwaka 1901 Wilhelm Maybach aliiwekea Mercedes rejeta ya mirija midogo zaidi ya 8,000, na maji machache yakaanza kufanya kazi kubwa. Baadaye mafundi waliufunga kabisa mfumo wa maji, na hapo ndipo kifuniko kilipopata kazi nyingine mbali na kuziba tundu.

Kishike mkononi ukitazame. Chini kuna raba ya duara inayosukumwa na springi nene. Katikati ya raba kuna kisahani kidogo cha chuma. Ukikivuta kwa ukucha kinafunguka, ukikiachia kinarudi. Juu pana namba, mara nyingi 0.9 au 1.1. Hilo ndilo shinikizo, kwa kipimo cha bar, ambalo springi hulihimili kabla ya kuachia. Maji yakipata moto hutanuka, na kwa kuwa hayana pa kutokea, shinikizo hupanda. Maji yaliyobanwa hayachemki upesi: kwa kifuniko cha 0.9, yale ambayo kando ya Ziwa Kivu yangetokota kwa nyuzi 95 huvumilia hadi 116 hivi. Shinikizo likizidi, springi inaachia na maji ya ziada yanakwenda kwenye chupa ya akiba. Injini ikipoa, kile kisahani kinafunguka na maji yananyonywa kurudi.

Ndiyo maana kufungua kifuniko gari likiwa moto ni kujitakia balaa. Maji ya nyuzi 110 yakiondolewa shinikizo ghafla, sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo na kuyarusha yaliyobaki usoni. Ziwa Kivu lenyewe lina jambo linalokaribiana na hilo. Uzito wa maji ya juu ndio unaozizuia gesi za kaboni dioksidi na methani zisitoke kilindini. Upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt uliozinduliwa mwaka 2016 huvuta maji kutoka kina cha mita 350 hivi. Yanapopanda shinikizo hupungua, gesi hutoka, na methani huchomwa kuzalisha umeme.

Basi mshale wa joto ukipanda, simama mahali salama, zima injini na usubiri. Hosi ya juu ikibonyea bila ugumu na rejeta ikiwa imepoa, anza uchunguzi. Hosi iliyojinyonya ikawa bapa baada ya kupoa inaonyesha kisahani kimekwama. Gari linalochemsha likisimama au likitambaa, kisha likapoa likikimbia, lina ugonjwa wa feni au mkanda wake. Likichemsha mlimani tu, shuku rejeta iliyoziba au pampu ya maji. Hosi ya juu ikiwa ya moto na ya chini ikabaki baridi, huenda themostati haifunguki. Mapovu yasiyokoma ndani ya rejeta, au mafuta ya injini yenye rangi ya chai ya maziwa, ni dalili za gasketi ya hedi kuungua, na hapo gari lisiendeshwe tena.

Kisiwani, msaada wa karibu ni kidumu cha maji ya ziwa. Kwa dharura yanafaa, ilimradi injini imepoa, maana maji baridi kwenye chuma chenye moto yanaweza kupasua hedi. Lakini Ziwa Kivu lina madini mengi, yakiwemo ya magnesi na kalsiamu, na maji ya namna hiyo yakipashwa moto kila siku huacha gamba jeupe ndani ya mirija. Gamba hupitisha joto vibaya kuliko chuma, hivyo dawa ya leo huwa ugonjwa wa mwakani. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni afadhali, na yakichanganywa na kulanti hukawia zaidi kuchemka na hayaleti kutu upesi.

Kifuniko ni kati ya vipuri vya bei ndogo kabisa garini, kwa hiyo kibadilishwe kabla ya kufikiria kufungua injini. Ukikiagiza kutoka Bukavu au Goma, taja namba iliyo juu ya kile cha zamani. Chenye namba ndogo kitaachia maji mapema. Chenye namba kubwa kitaifanya rejeta iliyochakaa ipasuke.