Mama mwalimu akitaka kuwa direkta: karatasi gani, gharama gani, nani anabaki na watoto

Ukipita kwenye shule zetu za msingi, kutoka Bafwasende mjini hadi Bafwaboli, mara nyingi utamkuta mama akifundisha watoto wa kalasi ya kwanza, wale wanaolia na kumaliza chaki. Kwenye mlango wa direkta, mara nyingi utapokewa na baba. Hakuna sheria inayosema iwe hivyo. Lakini siku kiti kinapokuwa wazi, wakubwa wanaulizana: nani ana diploma ya juu? Hapo mama wa miaka 15 ya kazi anapitwa na kijana aliyetoka Kisangani mwaka jana.

Ndiyo maana wamama walimu kadhaa wa vikundi vyetu wanauliza kama inafaa kurudi chuoni wakiwa na watoto wanne au watano. Jibu letu ni ndiyo kwa wengine, bado kwa wengine. Kabla ya kutoa falanga hata moja, yafaa kujua karatasi hiyo inafungua mlango upi.

Tuanze na majina, maana yanachanganya watu. Wengi wa walimu wetu wa shule ya msingi ni D6: walimaliza sekondari, upande wa pedagojia, wakapata diploma ya serikali. Katika mpango wa zamani, baada ya hapo mtu alisoma miaka 3 akapata gradua, yaani G3, kisha miaka mingine 2 akapata lisansi, yaani L2. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vyetu vimeingia katika mpango mpya unaoitwa LMD. Sasa lisansi ni miaka 3, halafu inafuata masta, ambayo sheria inaiita metrizi, miaka 2, halafu udaktari. Kwa hiyo lisansi ya leo ina miaka mitatu kama gradua ya zamani, na lisansi ya zamani ya miaka mitano iko karibu na masta ya leo. Mtu akikwambia “rudi usome lisansi utakuwa prefe,” muulize ni lisansi ipi. Tumesikia familia zinabishana juu ya neno hilo moja, kila mtu akiwa na lake kichwani.

Kwa direkta wa shule ya msingi, D6 mwenye miaka mingi ya kazi na ripoti nzuri za inspekta bado anaweza kupewa kiti. Kwa prefe wa sekondari ni habari nyingine: hapo wanatafuta kwanza wenye masomo ya chuo, hasa wa lisansi ya ualimu. Mama wa D6 anayeota kuongoza sekondari ana safari ndefu. Mama mwenye gradua tayari amefika katikati ya njia, na huyo ndiye tungemsukuma kwanza.

Kuhusu mahali pa kusoma, sisi watu wa Tshopo tuna bahati tusiyoisema sana. Chuo kikuu cha Kisangani kilianza mwaka 1963, kikiwa cha Waprotestanti. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliunganisha vyuo vikuu vyote vya nchi kuwa kimoja, na kitivo cha saikolojia na sayansi za malezi kikawekwa Kisangani. Mtu wa Kinshasa au wa Lubumbashi aliyetaka kusoma mambo ya shule kwa undani alipanda ndege kuja kwetu. Tangu 1981 chuo hicho kinajisimamia, ndicho UNIKIS, na kitivo hicho kingali hapo. Kuna pia ISP, ambayo kazi yake hasa ni kutengeneza walimu wa sekondari. Anayetaka kuongoza shule aulize sekretarieti za vyuo vyote viwili kuhusu masomo ya usimamizi wa shule, na aulize wanampokea vipi mtu aliye kazini.

Kama mtu anakuonyesha chuo kidogo cha karibu chenye bei nafuu, omba kwanza kuona kibali cha wizara. Wizara imekwisha kufunga vyuo vingi visivyofaa, na diploma ambayo haipokelewi haimpandishi mtu daraja. Usiogope kuonekana mjuaji. Falanga zinatoka kwako.

Sasa jambo ambalo wengi hawaambiwi: diploma haimweki mtu kwenye kiti. Tangu mapatano ya mwaka 1977, shule nyingi za serikali zinasimamiwa na makanisa, na nyingine na jumuiya ya Kiislamu. Jina la direkta linatoka kwanza kwa wakubwa wa mtandao huo, kwenye koordinasyoni, ndipo linathibitishwa upande wa serikali. Kwa hiyo mama asome huku wakubwa wake wakijua. Aombe ruhusa kwa maandishi kabla ya kwenda, abaki na nakala yenye muhuri, kwa sababu anayeacha kalasi bila karatasi anaandikwa mtoro, na jina lake linaweza kutoka kwenye lisiti ya mishahara. Akimaliza, apeleke diploma mwenyewe ili daraja lake libadilishwe. Hilo nalo linachukua muda, na anayesubiri nyumbani bila kuuliza anasubiri sana.

Je, watoto wetu wanapata nini hapo? Mwaka 2019 Kongo ilishiriki katika PASEC, mtihani unaopima wanafunzi wa shule za msingi katika nchi zinazotumia Kifaransa. Watu wa UNICEF walichambua matokeo yake wakaona kwamba katika nchi kama Benin, Togo, Senegal na Madagascar, watoto wa shule zinazoongozwa na wanawake walikuwa mbele, pengine kwa kiasi kinachokaribia mwaka mzima wa masomo. Hesabu hizo hazisemi kwamba kila mama ni direkta mzuri. Tunawajua wachache ambao wazazi wanawakimbia. Lakini mkisikia mtu anasema shule haiwezi kukaa mkononi mwa mwanamke, mna la kumjibu.

Na kiti chenyewe si cha starehe. Tangu shule ya msingi ya serikali iwe bila malipo, Septemba 2019, kalasi zimejaa. Direkta anashika kitabu cha pesa, anajibu kamati ya wazazi, anapokea inspekta, na anamwambia mwalimu mwenzake, labda shemeji yake, kwamba amechelewa mara tatu. Masomo ya usimamizi yanasaidia hasa kwenye kitabu cha pesa. Hilo la shemeji hakuna profesa anayelifundisha.

Tufike nyumbani, maana safari nyingi zinavunjikia hapo. Kutoka Bafwasende hadi Kisangani ni karibu kilomita 260, na mvua ikinyesha hakuna anayejua atalala wapi njiani. Mama hawezi kwenda na kurudi kila juma. Atahitaji chumba mjini, chakula, karo ya chuo, na mtu wa kubaki na watoto na shamba. Wengine watauliza: bwana lazima atie sahihi? Zamani Kodi ya Familia ilidai kibali cha mume. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa kibali hicho na kusema bwana na bibi wapatane. Mapatano hayo yanamfunga na baba pia: naye asichukue deni au kuuza kitu kikubwa cha nyumba bila mama kujua. Mkae chini muandike: nani analipa nini, mtoto mdogo analala kwa nani, mwaka ukiharibika mnafanyaje. Na bwana anayeogopa mambo ya mjini, afike Kisangani aone chumba na chuo kwa macho yake. Ni nafuu kuliko ugomvi wa simu wa kila usiku.

Kwa upande wa kikundi, likelemba inaweza kufanya kazi ambayo benki haifanyi. Mwanamemba anayesoma apewe zamu yake mwezi wa kujiandikisha chuoni, hata kama jina lake lilikuwa chini. Wenzake walime mpunga wake siku mbili za palizi. Yeye, akiwa likizo, awafundishe wengine kushika kitabu cha pesa cha kikundi. Kuna wanaosema hiyo ni kumpendelea mmoja, na neno lao si la kutupwa, kwa sababu akihamia mjini moja kwa moja, kikundi kimepoteza zamu na mkono wa shamba. Basi tuletee maoni ya kikundi chako kabla ya mkutano ujao: anayesaidiwa kusoma aahidi kurudi kwa miaka mingapi?