Kodi ya mtu wa mikataba huko Katana

Katana iko kama kilomita 45 kaskazini ya Bukavu, kando ya barabara ya taifa namba 2 inayokwenda Goma. Hospitali yake, FOMULAC, ilianzishwa na watu wa Chuo Kikuu cha Louvain enzi za Wabelgiji, na jirani tu, Lwiro, kuna kituo cha utafiti kilichotokana na taasisi iliyoundwa mwaka 1947. Ndiyo maana vijana wa eneo hili wamezoea kazi za siku kumi, za wiki tatu, za miezi miwili: kuhoji kaya kuhusu utapiamlo, kutafsiri mahojiano kutoka Mashi kwenda Kifaransa, kujaza madodoso kwenye simu, kuwaongoza watafiti wageni vijijini. Wengine sasa wanafanya kazi kwa kompyuta, kwa wateja wa nje ambao hawajawahi kuonana nao.

Swali wanaloniletea ni lilelile. Mkataba uliandika kiasi fulani, mkononi kikafika kiasi kingine, na hakuna aliyeeleza kilichobaki kimekwenda wapi. Jibu liko kwenye ukurasa wa kwanza wa mkataba, mahali wengi wanapoparuka: pale panapoandikwa wewe ni nani. Sheria ya Kongo haiangalii kazi uliyofanya. Inaangalia hadhi uliyofanyia kazi hiyo, na hadhi ziko tatu.

Chukua mtu anayepata faranga 1.000.000 kwa mwezi. Mtu huyu ni wa mfano wangu, lakini viwango ni vya kweli: vinatokana na sheria ya tarehe 10 Februari 1969 kuhusu kodi za mapato, pamoja na marekebisho yake, kama vilivyotumika hadi mwaka 2025. Mwishoni mwa 2023 zilitangazwa sheria mpya zinazoipanga upya kodi ya mapato, kwa hiyo kabla ya kupiga hesabu yako uliza kwanza kiwango cha mwaka wako.

Akiandikwa kuwa mtu wa kazi ya mara mojamoja, anayemlipa anakata asilimia 15 moja kwa moja. Hizo ni faranga 150.000. Hakuna anayemuuliza ana watoto wangapi.

Akiandikwa kuwa mfanyakazi, kodi yake ya mshahara, ile inayoitwa IPR, inapanda kwa ngazi. Asilimia 3 kwa faranga 162.000 za kwanza za mwezi, kisha asilimia 15 kwa kinachofuata hadi 1.800.000. Ukiacha pembeni mchango wa hifadhi ya jamii, yaani CNSS, jumla yake ni 130.560. Halafu sheria inapunguza asilimia 2 ya kodi hiyo kwa kila mtu anayemtegemea, hadi watu tisa. Mwenye mke na watoto watano, jambo la kawaida kabisa Katana, anapunguziwa asilimia 12. Analipa faranga 114.893.

Akiwa na namba yake ya mlipakodi na kutoa faktiri kama biashara ndogo, anaingia kwenye utaratibu wa mwaka 2013 wa biashara zenye mauzo kati ya faranga milioni 10 na milioni 80 kwa mwaka. Huko anayeuza bidhaa analipa asilimia 1 ya mauzo, na anayeuza huduma asilimia 2. Mtu wetu, mwenye milioni 12 kwa mwaka, analipa 20.000 kwa mwezi. Walio chini ya milioni 10 wana kodi moja isiyobadilika ya mwaka mzima.

Kazi ni ileile, kijiji ni kilekile, dodoso ni lilelile, na kodi ni 150.000, 115.000 au 20.000. Naona ni dhuluma kwamba tofauti kubwa namna hii inaamuliwa na mtu wa utawala anayejaza fomu kwa haraka, na anayehusika anaijua siku ya malipo.

Hii haina maana kwamba kila mtu akimbilie kujiandikisha. Biashara ndogo ina ada zake za kuandikishwa, ina takse za mkoa na za mtaa, na haina mwajiri anayechangia asilimia 13 za CNSS wakati wewe unatoa 5. Mtu anayepata mkataba mmoja au miwili kwa mwaka atatumia nguvu nyingi kwa faida ndogo. Lakini anayeishi kwa mikataba mwaka mzima, hasa mtafsiri au mtu wa kompyuta, anapoteza pesa nyingi kwa kubaki mtu wa mara mojamoja.

Na yuko yule ambaye ni mfanyakazi kamili bila kujua. Kanuni ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inalinda watu wa siku: ukiisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, na ukachukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, mkataba huo mpya unahesabiwa kuwa wa muda usio na kikomo. Nimeona miradi inayomrudisha mhoji yuleyule mwezi baada ya mwezi kwa karatasi za siku kumi-kumi, ikimkata asilimia 15 kila mara. Mtu huyo ana haki ya kulipa kwa ngazi, kupunguziwa kwa ajili ya familia yake, na kuandikishwa CNSS. Hesabu siku zako mwenyewe, uziandike kwenye daftari. Usimtegemee mwingine akuhesabie.

Kuna kosa jingine linaloumiza wahoji kuliko watu wote, nalo ni kuchanganya malipo na matumizi. Tuseme mkataba wa siku kumi unakupa dola 28 kwa siku. Kati ya hizo, 20 ni za kazi na 8 ni za motari, uniti za simu na chakula cha njiani. Ukiandikwa kwa mkupuo dola 280, asilimia 15 ni dola 42. Zikitenganishwa, na zile 80 zikirudishwa kwa risiti, kodi inahesabiwa kwa dola 200 tu, yaani dola 30. Dola 12 za tofauti ni kodi ya nauli, uliyotozwa kana kwamba umeila. Omba mistari miwili kwenye mkataba: malipo ya kazi, na urejeshaji wa matumizi. Sijawahi kuona mradi uliokataa ombi hilo likitolewa kabla ya sahihi. Baada ya sahihi hakuna anayelisikiliza.

Kwa aliye biashara ndogo jambo hili linabana zaidi, kwa sababu asilimia 2 inahesabiwa kwa mauzo, si kwa faida. Ulichotumia njiani hakipunguzi chochote. Na njia za Kivu zinakula: utafiti wa taasisi za IPIS na DIIS wa mwaka 2017 ulihesabu vizuizi vya barabarani 798 katika Kivu zote mbili. Pesa ya bariera haina mahali pa kuandikwa kwenye tamko la kodi, kwa hiyo pahali pake ni ndani ya bei unayomtajia mteja.

Wanaofanya kazi kwa wateja wa nje wana hofu yao, kwamba watatozwa mara mbili. Mteja asiye na ofisi Kongo hakukatii IPR. Kutangaza mapato hayo ni juu yako. Kwa upande wake, jukwaa la Marekani litakuomba fomu W-8BEN. Ijaze bila woga: inathibitisha kwamba wewe si mkazi wa Marekani, na kazi iliyofanyiwa Katana haihesabiwi kuwa mapato ya Marekani. Kwa Ubelgiji, Kongo ilitia saini mkataba wa kuzuia kodi mara mbili mwaka 2007. Na Afrika Kusini mwaka 2005. Chuo cha Ubelgiji kikitaka kukukata kodi yake kwa kazi uliyoifanyia hapa, waambie waangalie mkataba huo kwanza. Na kwa kuwa wateja hao wanalipa kwa dola na sheria inahesabu kwa faranga, andika kiwango cha kubadilisha siku ileile pesa inapoingia. Mwaka 2025 faranga ilipanda thamani ghafla baada ya miaka ya kushuka. Aliyehesabu mapato ya mwaka mzima kwa kiwango cha mwezi mmoja alijidanganya.

Yote haya yalikuwa magumu tayari kabla ya Februari 2025, waasi wa M23 walipochukua uwanja wa ndege wa Kavumu na eneo la Katana, kisha wakaingia Bukavu. Mabenki yalifungwa, na kodi ya serikali kwa kawaida hulipwa benki. Watu wakabaki na pesa za simu, na mbele yao wakusanyaji wa utawala mwingine. Katiba ya 2006, ibara ya 174, inasema kodi haiwezi kuwekwa ila kwa sheria. Lakini sitamwambia mtu yeyote abishane na mwenye bunduki kwa kutaja ibara. Lipa ulinde maisha yako, kisha chukua karatasi: tarehe, kiasi, sababu, jina la ofisi. Wasipokupa, andika mwenyewe jioni hiyohiyo. Karatasi hiyo haifuti deni lako kwa kodi ya taifa, ila itaeleza kwa nini mwaka wako ulikuwa hivyo siku utakapoulizwa. Ujumbe wa M-Pesa au Airtel Money nao ni ushahidi. Upige picha, uutunze nje ya simu, kwa sababu simu huibiwa.

Karatasi yenye thamani kuliko zote ni ile wengi hawaiombi. Kila anayekukata kodi anatakiwa kuipeleka ifikapo tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Omba uthibitisho wa makato wenye jina lako na kiasi. Bila huo, asilimia 15 zako zinaweza kubaki kwenye sanduku la mradi, na mbele ya ofisi ya kodi wewe ndiye utaonekana hukulipa. Uombe siku unaposaini malipo ya mwisho, kabla msimamizi hajapanda gari kurudi Bukavu, maana mradi ukishafungwa hata barua pepe zao hazijibiwi.