Futi Kwanza, Spana Baadaye

Nilipofungua bodi ya pikapu pale Morogoro, gunia lililokuwa kwenye kona, nyuma tu ya kichwa cha gari, lilikuwa limevimba. Nikatia mkono. Maharage yalikuwa na joto la vuguvugu, na mengine yameshatoa vimikia vyeupe. Tulikuwa tumekwama Makambako siku tatu tukisubiri spea, mvua ya Machi ikinyesha usiku na mchana, na maji yote yaliyoingia yaliingilia kona hiyo moja.

Kifuniko kilikuwa kipya, hakijatimiza hata miezi miwili: turubai gumu la plastiki, reli mbili za aluminiamu juu ya kingo za bodi, na vyuma vinne vya kukingama. Kila kilipovuja, mimi nilikaza bolti. Kikivuja tena, nakaza tena.

Pale Morogoro, mzee mmoja fundi wa maturubai alikizunguka kimya, kisha akatoa futi kamba. Spana hakuigusa. “Mwanangu, shika hapa,” akaniambia, akanipa ncha niibane kwenye kona ya mbele kushoto. Akavuta hadi kona ya nyuma kulia. Tukahamia upande wa pili, kulia mbele hadi kushoto nyuma. Ndani ya bodi vipimo viwili vililingana. Tulipopima ncha za reli, vilipishana sentimita mbili. Reli ya kulia ilikuwa imesogea mbele, kwa hiyo turubai lilivutika kimshazari: kona moja imekaza kama ngoma, nyingine ina makunyanzi, na kwenye makunyanzi ndiko maji yalikopita. Kukaza kwangu kote kulikuwa kunazidisha ule upande uliopinda.

Akalegeza vibanio vyote vinavyoshika reli bila kuvitoa, akasukuma reli kwa kiganja hadi vipimo vikalingana. Ndipo akashika spana. Alikaza nusu kwanza, mbele kushoto, nyuma kulia, kisha hizo mbili nyingine, kama mtu afungavyo nati za tairi. Kibanio kikikazwa hadi mwisho peke yake huivuta reli nzima upande wake, na aluminiamu ikizidiwa hupinda, hairudi.

Kwenye mpira wa kuzibia maji, ule unaoegemea kichwa cha gari, alipitisha kipande cha karatasi, akafunga kifuniko, akavuta. Pembeni karatasi ilishikwa. Katikati ikateleza ikatoka, maana yake mpira haukugusa chuma. Alisogeza reli zote mbili mbele kwa kipimo kilekile, akajaribu tena kila baada ya shubiri moja. Jaribio hili ningependa kila mwenye pikapu alijue. Halihitaji kifaa wala fundi, na linakuonyesha tundu kabla mvua haijakuonyesha.

Akaniuliza nilikifunga wapi. Njombe, alfajiri. Akatikisa kichwa. Plastiki husinyaa kwenye baridi na hutanuka kwenye joto, hivyo turubai lililonyooshwa kwenye ubaridi wa Njombe linafika Mikumi limelegea, linafanya bonde katikati. Bonde la mita moja ya mraba, maji yakisimama sentimita mbili tu, ni lita 20, yaani kilo 20 zinazolivuta turubai chini katika kila shimo la barabara. Basi tuliliacha wazi juani hadi saa saba mchana likalainika, ndipo akazungusha bolti za kuvutia turubai, kushoto mizunguko mitatu, kulia mitatu, bila kuzidisha upande wowote.

Tulimwaga ndoo mbili za maji juu yake. Nikapanda na tochi nikapapasa kona zote. Kavu.

Kabla sijaondoka alichora mistari ya rangi nyekundu kwenye reli na kwenye bodi, sehemu nne. Sasa nikikitoa ili nipakie mbao, nakirudishia mstari juu ya mstari, halafu nachukua karatasi.