Mzigo wa Msamiati katika Kitabu cha Mwishoni mwa Mfululizo: Mfano wa Llana of Gathol

Mfululizo wa riwaya za Mirihi wa mwandishi Mmarekani Edgar Rice Burroughs ulianza mwaka 1912 katika jarida la The All-Story. Llana of Gathol, kitabu cha kumi, kilitoka mwaka 1948, miaka miwili kabla ya mwandishi kufariki. Makala haya yanakitumia kueleza tatizo moja la tafsiri: kitabu cha mwishoni mwa mfululizo hakijitoshelezi kimsamiati, hata pale kisa chake kinapojitosheleza.

Kisa chenyewe hakihitaji maelezo marefu. Sehemu zake nne zilichapishwa kwanza katika jarida la Amazing Stories mwaka 1941, kila moja katika toleo lake. John Carter anamtafuta mjukuu wake Llana. Anatekwa, anapigana, anatoroka, kisha anatekwa tena. Marudio hayo, ambayo wahakiki huyahesabu kuwa uchovu wa mwandishi, kwa kiasi fulani ni alama ya jarida: msomaji wa toleo la Agosti huenda hakuliona la Juni.

Msamiati, kinyume chake, haurudiwi wala haufafanuliwi ipasavyo. Katika Mirihi ya Burroughs, jed ni mfalme, na jeddak ni mfalme aliye juu ya wafalme wengine. Adui katika Llana of Gathol, Hin Abtol, anajiita Jeddak wa Majeddak wa Kaskazini. Mgeni ataona majivuno matupu. Aliyesoma The Warlord of Mars (1919), kitabu cha tatu, anajua kwamba cheo cha Jeddak wa Majeddak alipewa Carter mwenyewe. Kwa hiyo jina hilo ni tusi, na pia ni kichekesho. Mfasiri akiandika "mfalme" kila mahali, vyote viwili vinapotea. Akichagua "mtemi" kwa jed, anapata neno lenye uzito, lakini anampeleka msomaji Unyamwezi.

Kutohoa pia kuna gharama. Jedaki, wingi majedaki, hukaa vizuri kama jemadari na majemadari, kwa upatanisho wa viumbe hai. Jed, hata hivyo, huwa jedi, na kijana aliyetazama filamu za Star Wars atamwona mtu mwenye upanga wa mwanga. Jedu ingeepusha mkanganyiko huo bila kuvunja uhusiano na jedaki.

Burroughs mwenyewe alitambua uzito huu: toleo la kitabu la Thuvia, Maid of Mars (1920) lina faharasa ya majina na istilahi. Mkataba wa tafsiri unaohusu kitabu kimoja kimoja hauachi nafasi ya faharasa ya aina hiyo. Uamuzi kuhusu jedu na jedaki unapaswa kufanywa katika A Princess of Mars, kitabu cha kwanza, mahali ambapo "mfalme" bado linatosha na hakuna anayeona haja ya kuuliza.